Lakabu za wachezaji na timu: asili, maana na matumizi katika Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

lakabu nm [i-/zi-] (wingi: lakabu). Asili: Kiarabu. Visawe: jina la utani, jina la kupanga, msimbo.

Maana: jina ambalo mtu, kikundi au mahali hupewa, au hujipa, juu ya jina lake rasmi, kutokana na umbo, tabia, kazi, tukio au sifa fulani.

Huambatana na vitenzi: kupewa lakabu, kubandikwa lakabu, kupachikwa lakabu, kujipa lakabu, kurithi lakabu.

Mfano katika sentensi: *Mchezaji huyo alibandikwa lakabu akiwa kijana, nayo ikalifunika jina alilopewa na wazazi wake.*

Makala haya yanaeleza namna lakabu za wanamichezo zinavyozaliwa, zinavyosambaa na zinavyotumiwa katika sentensi. Mifano mingi imetoka katika kandanda ya Mwanza, Bukoba, Shinyanga na upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, pamoja na ile ya kitaifa ambayo kila shabiki wa kanda hiyo anaifahamu. Sehemu ya tafsiri inatumia lakabu za wachezaji wa kriketi wa mataifa mengine, kwa kuwa hizo humpa mfasiri kazi ngumu zaidi.

## 1. Mipaka ya neno

Lakabu haina budi kutofautishwa na majina mengine yanayokaribiana nayo.

Jina la majazi ni istilahi ya uhakiki wa fasihi. Ni jina ambalo mwandishi humpa mhusika ili lioane na tabia yake tangu mwanzo wa kazi. Majazi hutungwa na mtu mmoja kwa makusudi ya kisanaa. Lakabu huzaliwa katika jamii na huweza kuwa na waasisi wengi.

Kifupisho cha jina ni jina lilelile lililokatwa. Anayeitwa Sele badala ya Selemani hajapewa lakabu, maana hakuna sifa mpya iliyoongezwa.

Cheo hutolewa na mamlaka. Hata hivyo cheo au kazi huweza kugeuka lakabu. *Mwalimu* ni jina la kazi, lakini linapotajwa peke yake nchini Tanzania, msikilizaji humkumbuka Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, si mbali na mwambao wa ziwa. Mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, aliitwa *Mzee Ruksa* kwa sababu utawala wake ulilegeza masharti mengi ya biashara. Rashidi Kawawa aliitwa *Simba wa Vita*. Mifano hii mitatu inaonyesha vyanzo vitatu tofauti: kazi, sera na ushujaa.

Katika uainishaji wa fasihi simulizi, lakabu huwekwa katika fungu la semi, pamoja na methali, vitendawili, mafumbo na misimu. Uwekaji huo una mantiki. Kama methali, lakabu hubana maelezo marefu katika maneno machache. Kama kitendawili, huhitaji mtu anayejua ufumbuzi. Anayelisikia jina bila kujua kisa chake amepata nusu tu ya maana.

Kisawe *jina la utani* kinatukumbusha mazingira ambamo lakabu nyingi huzaliwa. *Utani* ni uhusiano wa kijamii unaoruhusu pande mbili kutaniana bila kukasirikiana, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mashabiki wa Simba na Yanga hujiita *watani wa jadi* kwa maana hiyohiyo: wanarushiana maneno makali, na kesho yake wanakaa kibarazani pamoja.

## 2. Desturi iliyotangulia kandanda

Uwanja wa mpira haukuanzisha desturi ya kubandikana majina katika kanda ya ziwa. Usukumani, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana kwa vizazi kuvuta watazamaji. Katika mashindano ya namna hiyo mcheza ngoma au manju hutafuta jina litakalokumbukwa na kumtangulia kijiji hadi kijiji.

Mfano ulio maarufu kupita yote ni *Ng'wanamalundi*, ambaye pia huandikwa Mwanamalundi. Mcheza ngoma huyo wa miongo ya kwanza ya karne ya 20, anayesimuliwa hadi leo kwa miujiza, alizaliwa akaitwa Igulu Bugomola. Katika Kisukuma, *ng'wana* ni mtoto wa mtu au wa kitu, na *malundi* ni miguu. Neno hilo linafanana na *muundi* la Kiswahili, yaani mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti. Masimulizi yanaihusisha lakabu hiyo na urefu wa miguu yake. Leo wengi wanaosimulia habari zake hawalijui jina la kuzaliwa. Hiyo ndiyo nguvu ya lakabu: inaweza kumfanya mtu adumu katika kumbukumbu na papo hapo ikalifuta jina alilopewa na wazazi.

Upande wa Kenya, Waluo wana *pakruok*, yaani majigambo ya kujisifu na kusifiana hadharani, ambamo mtu hujitaja kwa ukoo, kwa mahali na kwa majina ya sifa. Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa 1968, imebeba jina lililotoka katika mkondo huo. Gor alikuwa mganga na kiongozi mashuhuri wa Kanyamwa, na *mahia* katika Dholuo hubeba maana ya ajabu au miujiza. Kwa hiyo jina rasmi la klabu lenyewe ni la mtu pamoja na lakabu yake. Mashabiki wameongeza nyingine: *K'Ogalo*, inayorejea ukoo wa Gor, na *Sirkal*, ambayo ni neno la Kiswahili *serikali* likiwa limevaa matamshi ya Dholuo. Neno limetoka Kiswahili, likaenda kuwa lakabu katika lugha jirani, na sasa linarudi katika magazeti ya Kiswahili likiwa jina la timu.

## 3. Jinsi lakabu za wachezaji zinavyozaliwa

### 3.1 Kutokana na ustadi uwanjani

Pamba ya Mwanza, klabu iliyobeba jina la zao kuu la biashara la Usukumani, ilikuwa na kiungo Mao Mkami, aliyejulikana kwa lakabu ya *Ball Dancer*. Jina hilo linamlinganisha mchezaji na mcheza dansi ambaye mwenzake ni mpira. Mashabiki waliolitumia waliishi katika eneo ambalo uchezaji wa ngoma ulikuwa kipimo cha ustadi tangu zamani, hivyo sifa hiyo haikuwa ndogo.

Sunday Manara, nyota wa Yanga wa miaka ya 1970 aliyecheza pia Uholanzi katika klabu ya Heracles, aliitwa *Computer*. Wakati huo kompyuta ilikuwa kitu cha kusikia tu kwa Watanzania walio wengi, ishara ya akili inayopiga hesabu bila kukosea. Msomaji wa leo, ambaye kompyuta anaibeba mfukoni, hawezi kuhisi uzito wa sifa hiyo asipokumbushwa zama zake. Zamoyoni Mogella, mshambuliaji wa Simba, aliitwa *Golden Boy*. Hapa lakabu haielezi namna ya kucheza bali thamani ya mchezaji machoni pa mashabiki.

Lakabu hizi tatu ni za Kiingereza ingawa watumiaji wake walizungumza Kiswahili. Kiingereza kilikuwa lugha ya sinema, magazeti ya nje na mashine mpya. Kumwita mtu kwa lugha hiyo kulimwongezea hadhi. Utangazaji wa mpira kwa Kiswahili, uliokuzwa na sauti kama za Ahmed Jongo na Charles Hilary wa Redio Tanzania Dar es Salaam, uliyafikisha majina kama haya hadi visiwani na vijijini, kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kuwaona wachezaji wenyewe.

### 3.2 Kwa kufananishwa na mchezaji wa ng'ambo

Nadir Haroub, beki na nahodha wa Yanga aliyetoka Zanzibar, aliitwa *Cannavaro*, kwa kufananishwa na Fabio Cannavaro, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia 2006. Kelvin Yondani aliitwa *Vidic*, kwa jina la Nemanja Vidić, beki Mserbia wa Manchester United. Mohamed Hussein, aliyekuwa beki wa kushoto wa Simba, ni *Tshabalala*, jina la Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini, aliyefunga bao la kwanza la Kombe la Dunia 2010.

Lakabu za aina hii ni rahisi kuzitaja tarehe. Anayefanya utafiti anaweza kukisia kwa usahihi kizazi cha mchezaji kwa kutazama nyota aliyefananishwa naye.

### 3.3 Kwa kutenganisha majina yanayofanana

Majina kama Mohamed, Hussein, Juma na Salum yamesambaa mno nchini Tanzania. Kabla ya Mohamed Hussein aliyechezea Simba, palikuwa na mshambuliaji wa Yanga wa miaka ya 1990 mwenye jina hilohilo. Yule aliitwa *Mmachinga*, huyu *Tshabalala*. Bila lakabu, mwandishi wa historia ya ligi angehitaji sentensi nzima kumwonyesha msomaji ni Mohamed Hussein yupi anayezungumziwa. Kwa hiyo ni kosa la kitaaluma kuiondoa lakabu katika tafsiri au muhtasari kwa kudhani kuwa ni pambo; mara nyingine ndiyo sehemu pekee ya jina inayotambulisha.

*Tanbihi ya msamiati:* neno *mmachinga* lina maana mbili. Ya kwanza ni mtu wa kabila la Wamachinga wa mkoa wa Lindi. Ya pili, iliyoenea zaidi siku hizi, ni mchuuzi mdogo anayetembeza bidhaa au kuzipanga kando ya barabara. Mfasiri asichague maana moja kwa kukisia. Akiacha *Mmachinga* kama ilivyo, hatakosea.

### 3.4 Kwa urithi

Abubakar Salum wa Yanga aliitwa *Sure Boy*. Mwanawe, Salum Abubakar, aliyechezea Azam kisha Yanga, akaitwa *Sure Boy* vilevile. Mtoto alipewa jina la babu kwa mpangilio wa kawaida wa majina, na mashabiki wakampa lakabu ya baba.

Mwanza inatoa mfano wa pili, ulio kinyume. Mwana wa Mao Mkami, Himid, kiungo wa Azam na wa timu ya taifa, hakurithi *Ball Dancer*. Alijulikana kwa jina halisi la baba yake, *Himid Mao*. Katika familia ya kwanza lakabu ilipita na kuwa kama jina la ukoo. Katika ya pili jina halisi ndilo lililopita, na lakabu ikabaki kwa mwenyewe.

Ipo pia familia ya Ngassa. Khalfan Ngassa aliichezea Pamba; mwanawe, Mrisho Ngassa, mzaliwa wa Mwanza, alipitia Kagera Sugar kabla ya kung'ara Yanga na Taifa Stars. Mrisho aliitwa *Anko*. Neno hilo la kindugu hutumiwa sana mitaani kwa heshima na mazoea, hata kwa asiye ndugu, na linaonyesha kuwa lakabu si lazima isifie ustadi. Yaweza kuonyesha ukaribu tu.

### 3.5 Lakabu iliyo mfano wa cheo

*Tanzania One* ni lakabu ya golikipa anayehesabiwa kuwa wa kwanza nchini. Juma Kaseja aliibeba kwa miaka mingi, na baada yake imetumiwa kwa Aishi Manula. Tofauti na *Computer*, ambayo haikupita kwa mwingine, *Tanzania One* hufuata nafasi. Katika kuandika wasifu, ni vyema kuonyesha kipindi ambacho mchezaji aliitwa hivyo.

### 3.6 Kwa kuunganisha maneno

Mbwana Samatta, aliyetwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe 2015 na kuingia Ligi Kuu ya Uingereza na Aston Villa Januari 2020, huitwa *Samagoal*: nusu ya jina lake imeunganishwa na neno la Kiingereza lenye maana ya bao. Uundaji huu wa neno kwa kukata na kuunga ni wa kawaida katika matangazo ya biashara na mitandao ya kijamii, na umeingia katika lakabu za kizazi cha karibuni.

## 4. Lakabu za timu

Lakabu za klabu nchini Tanzania hufuata ruwaza chache zinazoweza kufundishwa darasani.

Rangi na mahali. *Wekundu wa Msimbazi* ni Simba: rangi ya jezi na mtaa wa Kariakoo yalipo makao yake. Yanga ni *Wanajangwani*, kwa eneo la Jangwani, na pia *Wananchi*.

Kazi au bidhaa. Mtibwa Sugar ni *Wakata Miwa wa Manungu*. Azam ni *Wanalambalamba*, kutokana na lambalamba zinazotengenezwa na kampuni mama. Mwanza ilipata Mbao, klabu ambayo jina lake rasmi lingeweza kudhaniwa kuwa lakabu. Aprili 2017 iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kwenye Uwanja wa CCM Kirumba, kisha ikafungwa na Simba mabao 2-1 katika fainali iliyochezwa Dodoma.

Wana- na jina la mahali au la kitu. Pamba ni *Wana Kawekamo*, na Kawekamo ni kata ya wilaya ya Ilemela jijini Mwanza. Kagera Sugar ya Bukoba ni *Wanankurukumbi*. Ruwaza hii inafanana sana na ile ya Kisukuma tuliyoiona katika *Ng'wanamalundi*: mtu hutambulishwa kwa kuitwa mtoto wa mahali au wa kitu.

Maneno ya lugha za wenyeji. Coastal Union ya Tanga ni *Wagosi wa Kaya*, ambapo *mgosi* katika Kisambaa ni mwanamume. AFC Leopards ya Kenya ni *Ingwe*, yaani chui katika Kiluhya.

Mkopo kutoka Kongo. Pamba huitwa pia *TP Lindanda*. Herufi *TP* ni zilezile zinazotangulia jina la TP Mazembe ya Lubumbashi na la bendi ya TP OK Jazz; zimetoka katika maneno mawili ya Kifaransa yenye maana ya mwenye uwezo wote. Muziki wa Kongo ulisikika kote katika kanda ya ziwa, na herufi hizo zikawa alama ya ukubwa hata kwa asiyejua Kifaransa. Pamba iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 ikiitwa Pamba Jiji, jina rasmi lilikuwa limebadilika, lakini *TP Lindanda* ilirudi vilevile. Lakabu mara nyingi huishi kuliko usajili.

Jina rasmi lenye tabia ya lakabu. Toto African ya Mwanza ina jina linaloirejea Young Africans, na mashabiki waliihesabu kwa muda mrefu kuwa mtoto wa Yanga. *Toto* kamusini ni umbo la ukubwa la *mtoto*; katika mazungumzo hubeba pia upendo au utani.

## 5. Sarufi na uandishi

(a) Upatanisho wa lakabu ya mtu. Lakabu inayomrejelea mtu huchukua upatanisho wa A-/WA-, hata kama neno lenyewe ni la ngeli nyingine.

- Sahihi: *Kompyuta ametoa pasi nzuri.*
- Si sahihi, ikiwa anayetajwa ni mchezaji: *Kompyuta imetoa pasi nzuri.*

(b) Upatanisho wa jina la timu. Matumizi mawili yanakubalika. *Simba imeshinda* huiona klabu kama taasisi. *Simba wameshinda* huwaona wachezaji. Umbo la tatu, *Simba ameshinda*, husikika kwa watangazaji wanaotaka kumchora mnyama mwenyewe, nalo ni la kawaida kwa lakabu *Mnyama*: *Mnyama ameunguruma*. Mwandishi achague umbo moja na kulishika ndani ya aya. Atahadhari na utata: *Simba amefungwa* huweza kumaanisha kuwa timu imeshindwa, au kuwa yule mnyama amefungwa kamba.

(c) Lakabu zenye umbo la wingi daima huchukua WA-: *Wekundu wa Msimbazi wamewasili Mwanza.*

(d) *Chama la Wana*. Hii ni lakabu ya Stand United ya Shinyanga, timu iliyoanzia kwa watu wa stendi ya mabasi. Kwa Kiswahili sanifu *chama* ni nomino ya KI-/VI-: *chama cha wana*. Umbo *chama la* limetumia upatanisho wa JI-/MA-, ambao katika lugha ya mitaani huongeza ukubwa, ukaribu au majivuno. Mwalimu asilisahihishe kama kosa, kwa kuwa ni jina maalumu na upatanisho wake ndio unaobeba maana. Mwanafunzi afundishwe tofauti: *chama cha wafanyakazi* katika insha, *Chama la Wana* katika habari za michezo.

(e) Herufi kubwa na alama za nukuu. Lakabu ni nomino ya pekee, hivyo huanza kwa herufi kubwa. Inapofuata jina kamili huwekwa ndani ya alama za nukuu: *Nadir Haroub 'Cannavaro'*. Inaposimama peke yake, alama za nukuu hazihitajiki: *Cannavaro aliongoza safu ya ulinzi.*

(f) *Wana-*: kuunga au kutenga? Majina yaliyozoeleka huungwa: *Wanajangwani, Wanalambalamba, Wanankurukumbi*. Jina la mahali linapohitaji kuonekana wazi, magazeti hutenganisha na kulipa herufi kubwa: *Wana Kawekamo*. Maumbo yote mawili yanakubalika, ila yasichanganywe kwa jina moja.

## 6. Kutafsiri lakabu: mifano ya kriketi

Kriketi ililetwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Mwanza ilichezwa zaidi na jamii za wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na haikupata wasikilizaji wengi wa Kiswahili kama kandanda. Kenya ndiyo iliyoufikisha mchezo huo mbali zaidi, ilipoingia nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Kwa sababu hiyo, lakabu za wachezaji wa kriketi humfikia msomaji wa Kiswahili kwa njia ya tafsiri, na kila moja hudai uamuzi wake.

Rahul Dravid wa India aliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya *Ukuta*, kwa kuwa warushaji walishindwa kumtoa. Neno lipo na picha ipo, lakini pana mtego: katika Kiswahili cha kandanda *ukuta* ni safu nzima ya mabeki, kama katika *ukuta wa Yanga umevunjwa*. Dravid alikuwa mpigaji, naye alisimama peke yake. Mfasiri akiandika *Ukuta*, aongeze maneno machache yanayoonyesha kuwa ni mtu mmoja aliyekataa kutolewa.

Glenn McGrath wa Australia aliitwa *Njiwa* kwa wembamba wa miguu yake. Tafsiri ya moja kwa moja inapotosha, maana katika Kiswahili njiwa huleta picha ya upole na amani, si ya miguu. Msomaji wa Usukumani angeelewa kwa haraka zaidi akiambiwa kuwa jina hili lilizaliwa kama la Ng'wanamalundi: watu walitazama miguu kwanza.

Joel Garner wa West Indies, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, aliitwa *Ndege Mkubwa*. Hapa mfasiri aangalie upatanisho. *Ndege mkubwa* ni kiumbe mwenye mabawa. *Ndege kubwa* ni chombo cha usafiri. Kosa la herufi moja humgeuza mchezaji kuwa eropleni.

Michael Holding, naye wa West Indies, alikimbia kwa wepesi kiasi kwamba mwamuzi hakusikia hatua zake kabla ya mpira kurushwa. Lakabu yake iliunganisha kunong'ona na kifo. *Kifo Kinachonong'ona* ni tafsiri ya neno kwa neno. *Kifo cha Kimyakimya* hukaa vizuri zaidi katika Kiswahili na huhifadhi kisa, ambacho ni ukimya wa hatua.

Shoaib Akhtar wa Pakistan, aliyerusha mpira kwa kasi ya kilomita 161.3 kwa saa katika Kombe la Dunia 2003, alilinganishwa na treni ya mji wake: *Treni ya Kasi ya Rawalpindi*. Tafsiri hii haina tatizo, kwa kuwa treni ni kipimo cha kasi kinachoeleweka kote.

Kanuni ya jumla ni hii: lakabu ikiwa ni jina la mtu mwingine (*Cannavaro, Vidic*), iachwe, ikiwa ni picha inayoeleweka, itafsiriwe, ikiwa picha yake ina maana nyingine katika Kiswahili, iachwe au itafsiriwe pamoja na maelezo. Kinyume chake pia ni kweli. Anayefasiri *Wagosi wa Kaya* au *Wanankurukumbi* kwenda lugha ya kigeni aliache jina kama lilivyo na kutaja mji. Akilibadili, atakuwa amewanyang'anya wenyewe lugha yao.

## 7. Mpaka kati ya lakabu na tusi

Lakabu huhitaji ridhaa, hata kama ridhaa hiyo haisemwi. Mchezaji anayegeuka na kutabasamu anapoitwa amelipokea jina. Asiyegeuka hajalipokea, na kuendelea kumwita hivyo ni kumbandika doa.

Kanda ya ziwa inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ambayo watu wenye ualbino walishambuliwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, baadhi ya watu waliwaita mitaani *dili*, neno la biashara lililodokeza kuwa viungo vyao vina bei. Aliyeitwa hivyo hakutaniwa, alitishwa. Neno *zeruzeru*, ambalo zamani liliingizwa katika kamusi bila onyo, sasa huhesabiwa kuwa la kudhalilisha, na umbo linalopendekezwa ni *mtu mwenye ualbino*. Kamusi inayoorodhesha majina ya namna hiyo ina wajibu wa kuyawekea alama, ili mwanafunzi ajue kuwa kulifahamu neno si ruhusa ya kulitumia.

Kwa wanamichezo mpaka huo hupimwa kwa mambo matatu. Kwanza, je, jina linataja kitu alichokifanya mtu, au kasoro ambayo hakuichagua? Pili, je, mwenyewe hulitumia anapojitambulisha? Tatu, je, linaweza kusemwa mbele ya mama yake? *Ball Dancer*, *Anko* na *Sure Boy* yanapita katika vipimo vyote vitatu. Jina lisilopita hata kimoja lisiandikwe gazetini kwa kisingizio cha utani, maana utani una pande mbili, na upande usioweza kujibu haumo katika utani.

## 8. Kwa walimu

Zoezi linalofaa kidato cha tatu na kuendelea: kila mwanafunzi akusanye lakabu tano za wachezaji au timu za mtaani kwake, na kwa kila moja ajibu maswali manne.

1. Nani aliitoa, na wapi: uwanjani, redioni, shuleni au kijiweni?
2. Inatokana na nini: umbo, ustadi, mfano, urithi, mahali au kazi?
3. Ni ya lugha gani, na neno hilo lina maana gani likiwa nje ya uwanja?
4. Nani ana ruhusa ya kuitumia, na nani hana?

Wazee waliowatazama Pamba na Toto African enzi zao wanafaa kuulizwa mapema. Jina rasmi la mchezaji huhifadhiwa katika orodha za vyama vya mpira, lakini kisa cha lakabu huhifadhiwa na watu waliokuwapo siku lilipotamkwa mara ya kwanza.

Tazama pia: jina la majazi, majigambo, misimu, pakruok, tasfida, ukubwa wa nomino, utani, watani wa jadi.